Je, noir ya rangi ni noir kweli, na filamu yetu tuiondoe rangi?

Swali:

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi na wenzangu watatu tumerekodi filamu fupi ya dakika 18 hapa Tanga, inayohusu mke anayepanga kifo cha mumewe ili arithi shamba. Tulirekodi kwa kamera ya dijitali, kwa rangi. Sasa mhariri wetu anashikilia kwamba tukitaka filamu hii iitwe noir, ile aina ya filamu za uhalifu na tamaa zenye hali ya giza, hatuna budi kuiondoa rangi, kwa kuwa noir ni nyeusi na nyeupe, basi. Nilipomtajia filamu za zamani za Hollywood, Leave Her to Heaven na Niagara, alinijibu kwamba hizo zilitiwa rangi baadaye kwa kompyuta, kama ilivyofanyiwa The Maltese Falcon. Nikaamua kuitazama Niagara huku nimepunguza rangi ya televisheni hadi sifuri, nikitarajia itakuwa noir zaidi, lakini ilipooza, ikawa kijivu karibu mwanzo hadi mwisho. Je, nani yuko sahihi? Na yetu tuifanyeje? Matukio ya usiku tuliyawashia taa za buluu, na katika tukio kuu wanawake wawili wanakabiliana wakiwa wamevaa kanga, mmoja nyekundu na mwingine kijani."

Jibu:

Marahaba. Swali lako lina sehemu mbili zilizofungamana: kwanza unataka kujua kama noir ya rangi ni noir halali, na pili unaogopa kwamba kwa kurekodi kwa rangi mmeiharibu filamu yenu kabla haijazaliwa. Nianze na la pili ili moyo utulie: hamjaharibu chochote, na nawasihi msiiondoe rangi hata kwa dakika moja ya filamu hiyo kabla ya kufanya majaribio nitakayoyaeleza. Kuhusu la kwanza, mhariri wenu amekosea katika historia, ingawa hisia yake kwamba noir nyingi tunazozipenda hazina rangi ni ya kweli na ina sababu zake. Na ile televisheni yako iliyogeuka kijivu imekupa nusu ya jibu bila wewe kutambua, kwa hiyo nitairudia.

Tusahihishe historia kwanza. The Maltese Falcon ya mwaka 1941 ilirekodiwa kwa filamu nyeusi na nyeupe, na ni kweli kwamba mwaka 1986 kampuni ya Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Marekani, iliitia rangi kwa kompyuta, jambo ambalo mwongozaji wake, John Huston, alilipinga hadharani akiwa mzee na mgonjwa. Baada ya kifo chake mwaka 1987, warithi wake walikwenda mahakamani Ufaransa kuzuia toleo lililotiwa rangi la filamu yake nyingine, The Asphalt Jungle, lisionyeshwe katika televisheni ya huko, na mwaka 1991 mahakama ya juu ya rufaa ya Ufaransa iliwapa haki. Lakini Leave Her to Heaven ya mwaka 1945 na Niagara ya mwaka 1953 hazimo kabisa katika mkumbo huo. Zote mbili ni za studio ya Twentieth Century-Fox, zote mbili zilirekodiwa kwa kamera za Technicolor, mfumo wa zamani wa kurekodi filamu kwa rangi, na aliyeipiga ile ya kwanza, Leon Shamroy, alipewa Oscar ya upigaji picha wa rangi kwa kazi hiyohiyo. Wakati ule Oscar za upigaji picha zilikuwa mbili, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe, na kwa hiyo hakuna namna filamu iliyopigwa bila rangi ingeweza kushinda ile. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, soma majina yanayopita mwanzoni mwa filamu: katika filamu nyingi za Technicolor za miaka ya 1930 na 1940 utaliona jina la Natalie Kalmus, mshauri wa rangi ambaye kampuni ya Technicolor ilimlazimisha kila mtayarishaji amkubali pamoja na kamera.

Sasa nije kwenye dai kwamba noir kwa asili yake haina rangi. Kumbuka kwamba watu waliozitengeneza filamu hizi Hollywood hawakuzijua kwa jina hilo; wao walidhani wanatengeneza filamu za uhalifu, za upelelezi au za mapenzi yaliyoharibika. Jina lilitoka Paris. Wakati wa uvamizi wa Wajerumani filamu za Marekani zilizuiwa Ufaransa, kisha mwaka 1946 zikaingia kwa mkupuo, na mhakiki Nino Frank alipoziona pamoja, The Maltese Falcon, Double Indemnity, Laura na Murder, My Sweet, aliona zinafanana kwa ukatili wake wa nafsi na kwa jinsi zilivyokataa kumfariji mtazamaji, akaziita film noir, yaani filamu nyeusi. Kitabu cha kwanza juu yake, cha Raymond Borde na Étienne Chaumeton, kilitoka mwaka 1955. Kwa hiyo hapakuwa na kanuni yoyote iliyowekwa na wenye kazi kwamba rangi hairuhusiwi. Palikuwa na kundi la filamu, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe, na wahakiki wakajaribu kueleza baadaye kinachoziunganisha. Wapo wanaosema kinachoziunganisha ni mwonekano, yaani vivuli vikali, barabara zilizolowa na mistari ya mwanga inayopenya vipande vya pazia, na hao huikataa noir ya rangi. Wapo wanaosema ni hali ya mwanadamu: mtu wa kawaida anayeingia katika uovu kwa hiari yake, tamaa inayomnasa, na dunia isiyompa njia ya kutokea. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu mwonekano bila hali hiyo tumeuona katika filamu nyingi za kutisha na hata za vichekesho, na hakuna aliyeziita noir.

Hata hivyo lazima tueleze kwa nini noir za rangi za kipindi kile, yaani tangu mwanzo wa miaka ya 1940 hadi mwisho wa miaka ya 1950, ni chache mno. Sababu kubwa ni fedha na mwanga, na ukiielewa hii ya mwanga utaelewa pia kilichotokea kwenye televisheni yako.

Kamera ya Technicolor iliyoanza kutumika mwaka 1932 haikurekodi rangi kama tunavyorekodi leo. Nyuma ya lenzi palikuwa na kioo cha prizimu kilichoigawa nuru katika njia mbili. Sehemu moja ilipita kwenye kichujio cha kijani na kuangukia utepe mmoja wa filamu. Sehemu ya pili iliangukia tepe mbili zilizobanwa pamoja, wa mbele ukishika buluu na wa nyuma ukishika nyekundu. Tepe zote tatu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kilichotofautiana ni nuru iliyoruhusiwa kuufikia kila mmoja. Maabara ilitengeneza kutoka kwa kila utepe kibao chembamba cha jelatini kilichonyonya wino wake, mmoja wa sayani (buluu yenye ukijani), mmoja wa majenta (waridi iliyokolea), mmoja wa njano, na kisha vibao hivyo vikagandamizwa kwa zamu juu ya utepe mtupu hadi picha ikakamilika, kazi inayofanana sana na uchapaji wa kanga, ambapo kila rangi hupita kwa zamu yake na ikikosea nafasi kidogo tu ua zima linapotea. Ndiyo maana nakala za Technicolor za miaka ile hazikuchakaa rangi: wino ule ulikuwa imara, tofauti na nakala za filamu za rangi za kampuni ya Eastman Kodak zilizoenea baadaye, ambazo wino wake wa sayani ulififia na kuziacha picha zikiwa na wekundu wa jumla.

Gharama ya ufundi huo ilikuwa nuru. Prizimu na vichujio vilimeza sehemu kubwa ya mwanga kabla haujafika kwenye filamu, hivyo jukwaa la rangi lilihitaji mwanga mara kadhaa zaidi ya jukwaa la nyeusi na nyeupe, pamoja na taa nzito za miale ya kaboni, umeme mwingi na joto lililowachosha waigizaji. Kamera zenyewe hazikuuzwa. Zilikodishwa pamoja na mafundi wake. Studio ikishaingia gharama hiyo ilitaka irudi, na kwa kawaida ilizielekeza fedha hizo kwenye filamu za muziki, za kihistoria na za safari za mbali, wakati filamu za uhalifu, nyingi zikiwa za bajeti ndogo, zilipewa filamu nyeusi na nyeupe iliyoweza kurekodi barabara ya usiku kwa taa chache. Mtengenezaji wa noir wa mwaka 1947 hakuketi chini akachagua weusi kwa ajili ya falsafa peke yake. Alipewa alichopewa, naye akakifanya kiwe sanaa, na sanaa ile naiheshimu sana.

Hapa sasa ndipo penye kiini cha tatizo lako la televisheni. Katika picha isiyo na rangi, kitu hutengana na kingine kwa mwanga peke yake. Nywele nyeusi mbele ya ukuta mweusi hazionekani mpaka mpigapicha aweke taa ya nyuma ili ukingo wa kichwa ung'ae. Koti la kijivu mbele ya mlango wa kijivu litapotea mpaka mmoja kati yao atiwe kivuli. Mafundi wa nyeusi na nyeupe waliijua lugha hiyo kwa undani, wakapima vitambaa vya mavazi kabla ya siku ya kazi, wakaweka vichujio vyekundu au vya njano mbele ya lenzi ili anga la buluu ligeuke zito. Mpigapicha wa Technicolor alikuwa na njia nyingine ya kutenganisha vitu, nayo ni rangi yenyewe: midomo myekundu mbele ya maji ya kijani hutengana hata kama vyote viwili vina mwangaza uleule. Na kwa kuwa filamu ile haikuvumilia vivuli vizito, mara nyingi aliweka taa nyingi za kujazia, akatandaza mwanga, akaiachia rangi kazi ya kuchora mipaka.

Unapopunguza rangi ya televisheni hadi sifuri, unachobaki nacho ni kipimo cha mwangaza tu, na kipimo hicho hakizihesabu rangi tatu kwa usawa. Katika kanuni ya televisheni ya rangi ya zamani kijani huchangia karibu asilimia 59, nyekundu 30 na buluu 11. Katika televisheni za HD sehemu ya buluu hushuka zaidi, hadi karibu asilimia 7. Kwa hiyo gauni la waridi iliyokolea ambalo Marilyn Monroe, nyota wa Niagara, analivaa katika tafrija ya usiku, gauni ambalo katika filamu ya rangi linamfanya kila mtu ageuke na linamfanya mumewe apandwe na ghadhabu, kwako lilikuwa kijivu cha wastani kati ya vijivu vingine vya wastani. Hukuipata noir iliyojificha chini ya rangi. Uliing'oa nguzo iliyoshikilia picha. Na kwa mtazamo wangu kitendo hicho ni kilekile alichokilalamikia Huston, isipokuwa kimegeuzwa upande.

Lakini nakuomba uirudie Niagara ukiwa umezima rangi na utazame tukio moja tu, lile la mnara wa kengele, ambapo mume, aliyechezwa na Joseph Cotten, anamfuatilia Monroe ngazi kwa ngazi hadi juu na kumnyonga. Mpigapicha Joseph MacDonald, aliyekwisha kupiga noir nyeusi na nyeupe kama The Street with No Name, aliliwasha tukio hilo kwa vivuli vya mistari na giza nene, akaliangalia kutoka juu, na mwongozaji Henry Hathaway akalikatiza kwa picha za kengele zilizotulia bila sauti. Tukio hilo halitapooza, kwa sababu mwanga wake unajitosheleza. Katika filamu moja utakuwa umeona njia zote mbili: mahali ambapo rangi inabeba maana, na mahali ambapo kivuli kinaibeba.

Kama muda wako unaruhusu filamu moja tu, basi iwe Leave Her to Heaven, nayo uitazame kwa rangi zake zote. Mwongozaji ni John M. Stahl, na Gene Tierney anacheza Ellen, mke anayempenda mumewe kiasi cha kutotaka kiumbe mwingine yeyote awe karibu naye. Tukio la ziwani ndilo lililonifanya niiamini noir ya rangi. Ni mchana, jua linawaka, maji yametulia, milima na miti vinapendeza. Ellen amekaa kwenye mashua ndogo akiwa na vazi jeupe, na mdogo wa mumewe, kijana aliyedhoofishwa na polio, anaogelea nyuma yake akijaribu kuvuka ziwa. Anachoka. Ellen anavaa miwani ya jua, anamtia moyo aendelee, kisha kijana anashikwa na maumivu, anaita, anazama, anaibuka, anaita tena, naye Ellen anatazama tu bila kuinua kasia. Hakuna muziki. Anajitupa majini na kupiga kelele pale tu anapotambua kwamba mumewe anakuja.

Fikiri tukio hilo kama lingepigwa kwa mtindo wa usiku wenye ukungu. Kivuli kingekuonya mapema. Ungejua kwamba huyu ni mwovu kwa sababu taa imekwisha kukuambia. Shamroy hakukupa onyo hilo. Uso wa Ellen una mwanga kamili, midomo yake imekolea, ngozi yake ni laini, na uzuri uleule unaotuvuta kumtazama ndio unaotuzuia kumsoma. Miwani ile ndiyo giza pekee katika picha nzima, nayo imefunika macho. Baadaye, akiwa mjamzito na akimwonea wivu mtoto ambaye hajazaliwa, anajipamba, anavaa vazi la kulalia la buluu, anaingiza ncha ya kiatu chake chini ya zulia juu ya ngazi ili ionekane kwamba amejikwaa, kisha anajiangusha. Buluu ile ni nzuri mno, na ndiyo inayotisha. Hii ndiyo kazi ambayo rangi inaweza kuifanya katika noir na ambayo giza haliwezi: inaruhusu uovu utendeke mahali ambapo hakuna pa kujificha, nasi tusiuone hadi umekwisha.

Zipo nyingine. Desert Fury ya mwaka 1947, House of Bamboo ya Samuel Fuller ya mwaka 1955, iliyopigwa Japani, na A Kiss Before Dying ya mwaka 1956 zote zinafaa kutazamwa, ingawa si zote zenye uzito sawa, na baadhi ya orodha zinazotajwa siku hizi huingiza kila filamu ya rangi yenye bunduki, jambo ambalo siliungi mkono. Kwa kazi yenu ninyi ya muhimu zaidi ni Slightly Scarlet ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Allan Dwan. Mpigapicha wake ni John Alton, mzaliwa wa Hungaria, ambaye T-Men na The Big Combo alizozipiga bila rangi ni miongoni mwa noir zenye giza kali kuliko zote. Alipopewa rangi hakubadili imani yake. Sehemu kubwa za picha aliziacha nyeusi kabisa, wanaume wakiwa vivuli tu, kisha akaweka mwanga mahali pamoja na mwanga huo ukaangukia nywele nyekundu za Rhonda Fleming au Arlene Dahl. Wakati huo kamera ya tepe tatu ilikuwa imekwisha kuachwa na filamu mpya ya Eastman ilikuwa imeingia, ikawa rahisi zaidi kurekodi kwa mwanga mdogo. Alton anaonyesha kwamba weusi hauhitaji rangi iondolewe. Unahitaji taa izimwe mahali panapostahili.

Sasa turudi Tanga. Kwa maelezo yako nadhani mna njia tatu, na hakuna hata moja isiyo na gharama.

Njia ya kwanza, na ndiyo ningeanza nayo, ni kuiacha rangi na kuirekebisha kwa makusudi. Tukio lenu la kanga tayari lina kitu ambacho Shamroy angekipenda: nyekundu na kijani zinakabiliana, na mtazamaji anajua nani yuko wapi kabla hajasikia neno. Punguzeni nguvu ya rangi za ukutani, za samani na za vitu vya nyuma, shusheni mwangaza wa pembe za picha, mziache kanga mbili na nyuso mbili. Hasara yake ni kwamba kasoro za taa zitaendelea kuonekana, na kama mliwasha kila kitu kwa usawa, kurekebisha rangi peke yake hakutawapa kivuli ambacho hakikuwapo.

Njia ya pili ni ya mhariri wenu, yaani kuiondoa rangi, lakini si kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwa kanuni niliyoitaja, kanga ya wekundu wa wastani na kanga ya kijani kilichokolea zinaweza kuangukia kijivu kilekile kabisa, na mkapoteza tukio lenu kuu. Dawa yake ni kuzichanganya rangi tatu za msingi za picha, yaani nyekundu, kijani na buluu, kwa viwango mnavyovichagua: mkiipa nyekundu uzito zaidi, kanga nyekundu itang'aa na ya kijani itazama. Faida nyingine ni ya nyuso. Ngozi ya binadamu, na ngozi nyeusi kama zetu hasa, hurudisha nyekundu nyingi kuliko buluu, hivyo uzito wa nyekundu huzipa nyuso uhai na kuonyesha umbo la mashavu na paji la uso, wakati uzito wa buluu huzifanya zizame.

Tatizo ni kwamba tiba hiyo inagongana na matukio yenu ya usiku. Mlipowasha taa za buluu, nyuso zilipokea nyekundu kidogo sana, kwa hiyo ukiiomba kamera nyekundu hapo utapata chembechembe na ukungu badala ya uso. Itabidi mtegemee buluu, na huko ngozi itakuwa nzito na yenye maelezo machache. Ndiyo kusema dakika za usiku na dakika za kanga haziwezi kubadilishwa kwa kiwango kimoja. Kila tukio litahitaji kiwango chake, na baadhi huenda yakakataa kabisa. Na kama kamera yenu ilihifadhi picha kwa kuzibana sana, taarifa za rangi zitakuwa zimehifadhiwa kwa uchache kuliko za mwangaza, na mkizivuta kwa nguvu mtaona vijisanduku kwenye kingo za nguo. Tafuteni faili za awali kutoka kwenye kadi, si nakala mliyoipunguza kwa ajili ya kutumiana kwa simu.

Njia ya tatu ni kurudia matukio machache mkiwa mmeamua mapema. Ukiniuliza mimi, kama mnaitaka kweli nyeusi na nyeupe, rudieni matukio mawili au matatu ya usiku kwa taa nyeupe badala ya za buluu, wekeni taa moja ya nyuma ili kichwa kitengane na giza, na kwa upande wa uso tumieni ubao mweupe au kitambaa kilichotandazwa ili kurudisha mwanga, maana ngozi nyeusi hung'ara vizuri zaidi kwa mwanga mpana unaoakisiwa juu yake kuliko kwa taa kali iliyoelekezwa moja kwa moja. Ni kazi ya siku chache na inahitaji waigizaji warudi, nalifahamu hilo, lakini itawapa mlichokikosa.

Kabla ya kuchagua, fanyeni jaribio hili nyumbani. Chukueni sekunde thelathini za tukio la kanga, sekunde thelathini za usiku na sekunde thelathini za mchana, mzitengeneze kwa njia zote mbili, mzionyeshe kwa mtu ambaye hakuwapo siku ya kurekodi, na mmuulize jambo moja: nani anamwogopa nani katika tukio hili? Akijibu haraka kwa rangi na akababaika bila rangi, mmeshapata jibu, hata kama mhariri hatalifurahia.

Baada ya hapo, lipo eneo ambalo maandishi yangu hayawezi kuwasaidia, kwa sababu sijaziona picha zenu na skrini yangu si skrini yenu. Simu na kompyuta za kawaida hutia chumvi rangi na hung'arisha vivuli, kwa hiyo giza mnaloliona chumbani huenda lisiwepo ukumbini, au likawa zito hadi uso upotee. Mtafuteni fundi wa kurekebisha rangi mwenye skrini iliyopimwa, kaeni naye uso kwa uso, wewe, mhariri na aliyeshika kamera, wote watatu, na kama mnatarajia kuionyesha filamu kwenye tamasha basi ombeni nafasi ya kuiona kwenye projekta ya ukumbi wenyewe kabla ya siku. Nendeni na faili za awali na kanga zenyewe mbili, ili fundi aone rangi yake halisi kwa macho. Mwombeni aanze na tukio la kanga na tukio moja la usiku kabla hamjakubaliana bei ya filamu nzima, kwani yakishindikana hayo mawili bila rangi, hakuna sababu ya kulipia dakika zilizobaki.